Kuku watagaji wanaokufa ghafla wapasuliwe kabla ya kutiwa dawa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowagusa wafugaji wa kuku wa mayai hapa Malindi, hasa sisi tunaowafungulia kuku wetu asubuhi wakachakura chini ya mikorosho na minazi hadi magharibi. Jambo lenyewe ni vifo vya ghafla vya kuku walio katika kilele cha utagaji: kuku wanene, wenye vilemba vyekundu, ambao jioni wameingia bandani wakiwa wazima na alfajiri wanakutwa wamelala ubavu. Kila vifo vya namna hii vinapotokea, jina hutolewa upesi kwamba ni kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi. Jina likishatolewa, mizoga hutupwa, dawa ya unga hununuliwa ikatiwa majini, na habari huishia hapo. Hoja yangu ni kwamba kuku wa namna hiyo apasuliwe kwanza na ini lake litazamwe, na kwamba serikali ya kaunti iwe na njia ya kulifikisha ini hilo maabara likiwa bado linafaa kupimwa.

Katika msimu uliopita wa kaskazi, joto lilipokuwa kali, jirani yangu wa hapa Ganda alianza kuokota kuku wawili watatu kila asubuhi katika kundi lake la kienyeji walioboreshwa. Kwa bahati njema alimwita mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uafisa wa mifugo, naye akawapasua kuku wawili juu ya kipande cha bati mbele yetu. Kifuani walikuwa wamejaa nyama na tumboni walikuwa na mafuta. Gole limejaa mahindi na majani mabichi, na mmoja wao alikuwa na yai lenye ganda kamili lililosubiri kutagwa. Kuku huyo hakuwa ameugua siku nyingi, wala hakufa kwa njaa. Ini ndilo lililosema. Lilikuwa limevimba kidogo, na juu yake palitapakaa madoa meupe ya kijivujivu, kila moja la upana wa milimita 1 au 2, kama simsim iliyomwagwa. Mzee hakutaja ugonjwa. Alituambia kwamba madoa ya ini husababishwa na maradhi zaidi ya moja, na kwamba ini zima, pamoja na kibofu chake cha nyongo, lilistahili kwenda maabara siku ile ile likiwa ndani ya barafu.

Halikwenda. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na katika ofisi ya umma tuliyoipigia simu tulijibiwa kwamba tusubiri Jumatatu na kwamba usafiri ni juu yetu. Jirani yangu hana friji. Kufikia Jumatatu ini lilikuwa limeoza, na mama wa watu akaenda kununua dawa ambayo ndugu yake alimwambia ilimsaidia mwaka juzi. Nimelieleza tukio hili kwa sababu halikumpata yeye peke yake. Wafugaji wengi ninaozungumza nao kutoka Kakuyuni mpaka Mambrui wana kisa kinachofanana na hicho.

Tuseme basi ni maradhi yapi yanayoacha madoa kwenye ini la kuku aliyekomaa. Kuna homa ya matumbo ya kuku, inayoletwa na bakteria aina ya salmonela. Hii hulivimbisha ini sana na kulipa rangi ya shaba au ya kijanikijani, hukipausha kilemba kwa upungufu wa damu, huleta kuhara kwa rangi ya manjano au kijani, na hupita kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga ndani ya yai. Kuna kipindupindu cha kuku, ambacho nacho huua kwa ghafla kuku wakubwa walionona na kuacha vidoa vidogo mno kwenye ini. Ndicho ambacho Louis Pasteur alikifanyia kazi kule Ufaransa karibu na mwaka 1880 alipokuwa akitafuta chanjo. Kuna ugonjwa wa vijidudu vinavyobebwa na mayai ya minyoo ya utumbo, ambao huwasumbua zaidi bata mzinga na huacha madoa makubwa ya mviringo yaliyobonyea katikati. Na kuna ugonjwa wa nne, ambao kwetu hautajwi kabisa, nao ndio ninaotaka kuueleza kwa urefu, kwa kuwa unawapenda zaidi kuku wanaofugwa kama tunavyofuga sisi.

Ugonjwa huu wa ini lenye madoa ulielezwa kwanza Marekani na Kanada katika miaka ya 1950. Wakati huo wataalamu waliona bakteria waliojipinda katika nyongo na maini ya kuku waliokufa, lakini hawakuweza kuwatambua sawasawa. Kisha ufugaji wa vizimba vya waya ukaenea, kuku wakatenganishwa na kinyesi chao, na ugonjwa ukafifia kiasi cha kusahauliwa. Ulirudi pale walaji wa Ulaya na Australia walipoanza kudai mayai ya kuku walio huru. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya kawaida kuanzia mwaka 2012, na huko Uingereza na Australia ugonjwa huu ukawa miongoni mwa yale yanayowaumiza zaidi wafugaji wa kuku wanaotembea nje. Hata hivyo kisababishi chake kilipatikana juzi tu. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba wamemwotesha maabara bakteria mpya kutoka kwenye maini hayo, na mwaka 2016 wenzao wa Australia wakampa jina la Campylobacter hepaticus. Mwaka 2017 ikathibitishwa kwamba kuku wazima watagaji wakinyweshwa bakteria huyo hupata madoa yale yale kwenye ini ndani ya siku chache, kati ya 5 na 7. Mwaka 2022 akatajwa ndugu yake wa pili, naye kutoka Australia, anayeleta ugonjwa huo huo.

Kwamba ilichukua zaidi ya miaka 60 kumpata ni jambo la kutufunza sisi tulio na haraka ya kutaja majina. Bakteria huyu huota polepole, anahitaji hewa yenye oksijeni kidogo, na anapochanganyika na bakteria wengine wa utumbo hufunikwa nao. Maabara isiyomtafuta kwa makusudi haimwoni. Anapatikana kwa wingi katika nyongo, na ndiyo sababu kibofu cha nyongo kisitobolewe wala kutupwa wakati wa kupasua. Siku hizi kipimo cha vinasaba cha PCR humtambua hata pale ambapo kumwotesha kumeshindikana, mradi sampuli ifike ikiwa baridi na haijaoza.

Wengi huuliza kwa nini afe kuku anayetaga vizuri na aachwe yule wa pembeni aliyekonda. Jibu limo ndani ya ini lenyewe. Kiini cha yai, ule umanjano ambao wateja wetu wa mahotelini Watamu huusifu, malighafi yake hutengenezwa kwenye ini kabla ya kusafirishwa kwa damu hadi kwenye ovari. Kuku anapofikia kilele cha utagaji, karibu na wiki ya 25 hadi ya 30 ya umri wake, ini lake linafanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Bakteria anaweza kuwa ameingia mwilini wiki kadhaa kabla ya hapo bila dalili yoyote, kisha ugonjwa ukalipuka wakati ini limeelemewa. Joto huongeza mzigo huo, na huko Australia ugonjwa huonekana zaidi katika miezi ya joto. Msomaji wa Malindi anayejua kaskazi yetu ilivyo, na anayejua kwamba vifaranga wengi huletwa kwa hesabu ya kuanza kutaga kabla ya Krismasi ili kuwahi wageni, ataona jinsi mambo hayo mawili yanavyokutana.

Hasara yake si ya kupuuzwa. Katika makundi yaliyoshambuliwa huko ng'ambo, vifo vimefika asilimia 10 na wakati mwingine kupita, na utagaji umeshuka kwa asilimia 10 hadi 25, pengine zaidi. Tuitie hesabu hiyo kwenye banda la kwetu. Mwenye kuku 200 atapoteza kuku 20 baada ya kuwalisha miezi mitano bila kuona yai. Ikiwa alikuwa akiokota mayai 160 kwa siku, kushuka kwa robo kunampokonya mayai 40, yaani trei moja na mayai kumi, kila siku inayopita. Kwa mama anayelipa karo kwa trei, hilo ni pigo. Na juu ya yote, chakula cha kuku bado kinanunuliwa kwa bei ile ile.

Sasa nije kwenye dawa, mahali ambapo naona hatari kubwa. Ukiingia katika maduka mengi ya dawa za mifugo na kusema kuku wanakufa, utaulizwa swali moja, kama wanaharisha, na kabla hujamaliza kujibu pakiti imeshawekwa kwenye kaunta. Mara nyingi ndani yake mna tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Ni kweli kwamba dawa za jamii hiyo zimetumika kutuliza ugonjwa wa ini lenye madoa, na pengine ndiyo maana mfugaji mmoja husema ilimsaidia. Lakini dawa hiyo haifanyi lolote kwa kideri, ambacho ni virusi na kinga yake ni chanjo. Na kipindupindu na homa ya matumbo kila kimoja kina dawa yake na kipimo chake. Pia ugonjwa wa ini lenye madoa una tabia ya kurudi baada ya dawa kuisha, kwa sababu kuku wanaendelea kula kinyesi kile kile katika uwanja ule ule. Mfugaji hununua tena, na tena. Huko Australia wameshapatikana bakteria wa ugonjwa huu waliobeba jeni ya usugu dhidi ya tetrasaiklini. Isitoshe, dawa inayotiwa katika maji ya kuku anayetaga huingia katika yai. Kila dawa halali ina siku zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, ambazo mayai hayapaswi kuuzwa, na ningependa kusema bila kificho kwamba siku hizo kwetu haziheshimiwi. Trei za mayai hayo huenda kwa wakaanga chipsi, kwa wauza viazi karai, na kwenye meza za watoto wetu.

Lipo jambo jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: kumuwahi kuku kwa kisu. Kuku akionekana kujikunyata, huchinjwa haraka asije akafa kibudu, matumbo na ini hutupwa, na nyama huuzwa. Sisemi haya ili kumdhalilisha mtu, kwa maana najua uchungu wa kupoteza kuku uliyemlea tangu kifaranga. Lakini kuku mgonjwa anayechinjwa hivyo hupakaza uchafu wa utumbo wake kwenye mikono, mbao na visu vya jikoni, na ndugu wa karibu wa bakteria huyu, yule aitwaye Campylobacter jejuni, ni mmoja wa waletaji wakubwa wa kuhara kwa binadamu duniani. Isitoshe, ini linalotupwa kwa mbwa ndilo ushahidi pekee tuliokuwa nao.

Yapo mengi ambayo mfugaji anaweza kuyafanya bila kumsubiri mtu yeyote, na karibu yote yanahusu kinyesi, kwa kuwa ugonjwa huu hupita kwa mdomo: kuku mmoja anaunya, mwingine anaudonoa. Maji yawekwe katika vyombo vilivyoinuliwa kufikia usawa wa mgongo wa kuku, si katika karai lililo chini ambalo kuku wanaingia na miguu yao. Vyombo hivyo visuguliwe kila siku, maana utando unaoteleza ndani ya chombo ni makao ya bakteria. Madimbwi ya masika karibu na banda yafukiwe, na pale kuku wanapokanyagana sana mlangoni pawekwe kokoto. Vichanja vya kulalia viwe juu ya wavu au mbao zenye nafasi ili kinyesi cha usiku kianguke mahali wasipoweza kukifikia. Uwanja ugawanywe mara mbili kwa wavu wa kawaida, kuku watumie upande mmoja huku mwingine ukipigwa jua, kwani bakteria huyu hastahimili ukavu. Panya, nzi na ndege wa mwituni wadhibitiwe kadiri inavyowezekana. Huko Australia vinasaba vya bakteria huyu vimekutwa kwa panya, kwa nzi na kwa ndege wa porini walioishi karibu na mashamba ya kuku. Na kuku wapya wasichanganywe na wakongwe siku wanayoshushwa kwenye tuktuk.

Nitaongeza moja kuhusu chanjo, maana nimesikia wafugaji wakisema chanjo zimewaangusha. Chanjo ya kideri inakinga kideri. Chanjo ya homa ya matumbo, ambayo hutengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, inakinga homa ya matumbo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kumzuia kampilobakta wa ini. Kwa hiyo mtu aliyechanja ipasavyo na bado akaokota kuku waliokufa hana sababu ya kuacha kuchanja. Ana sababu kubwa zaidi ya kupasua.

Kupasua lakini kunafika mwisho pale macho yanaposhindwa kutofautisha, na hapo ndipo jukumu la serikali ya kaunti linapoanza. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya wanyama pamoja na huduma za mifugo, na si jambo la kuombwa kama hisani. Kaunti ya Kilifi ina bahati ambayo kaunti nyingine hazina: maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo ya ukanda huu iko ndani ya mipaka yake, Mariakani. Kutoka Malindi mtu hushika njia ya Kilifi, akakata Mavueni na kupitia Kaloleni. Kwa gari la serikali ni safari ya asubuhi. Kwa mama mwenye ini la kuku ndani ya mfuko wa plastiki, akibadilisha matatu katika jua la Januari, ni safari isiyofaa, na hata akifika, sampuli yake itakuwa imekwisha kuharibika.

Ninachopendekeza si jengo jipya. Ofisi ya mifugo ya Malindi iwekewe friji moja ya sampuli na masanduku ya barafu, na itangaze siku mbili za wiki ambazo gari litakwenda Mariakani. Mfugaji alete kuku aliyekufa usiku huo au kuku mgonjwa aliye hai, apasuliwe na mtaalamu, ini na nyongo vifungwe kando, na matokeo yatumwe kwa simu ya mfugaji. Maabara nayo iombwe rasmi kupima kampilobakta kila inapopokea ini lenye madoa, sambamba na salmonela na kipindupindu, na pale ambapo kipimo hicho kinahitaji mitambo ya maabara kuu ya mifugo ya Kabete, Nairobi, sampuli iendelee huko bila kumrudishia mwenye kuku gharama. Matokeo yakikusanywa kwa mwaka mmoja tu, bila majina ya wafugaji, tutajua ni ugonjwa upi unaotumaliza na katika mwezi gani, na wauzaji wa dawa hawatakuwa tena na nafasi ya kukisia kwa niaba yetu.

Najua nitajibiwa kwamba fedha hakuna na kwamba kuku si ng'ombe. Kwa nyumba nyingi za Ganda, Jilore na Kakuyuni, ng'ombe hayupo. Aliyepo ni kuku, na mwenye kuku mara nyingi ni mwanamke asiye na shamba la jina lake. Miradi ya umma na ya wafadhili imegawa vifaranga katika vijiji vyetu kwa miaka mingi, na picha zikapigwa. Sehemu ndogo ya fedha za vifaranga hao ingetosha kununua friji na mafuta ya gari, nami naamini kwamba kumpa mtu kuku hamsini bila kumpa njia ya kujua kilichowaua ni kumwongezea deni la chakula cha kuku.

Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti hufanyika kila mwaka, na kwa kawaida tunaohudhuria tunazungumzia barabara na maji. Nawaomba wafugaji wenzangu wa wadi za Malindi Mjini, Shella, Ganda, Kakuyuni na Jilore walete hoja ya usafirishaji wa sampuli katika kikao kijacho na wadai iandikwe kwenye kumbukumbu, na nawaomba wawakilishi wetu watano katika bunge la kaunti waitafutie fungu lake. Nawe, Mhariri, ukipata fursa ya kuzungumza na idara ya mifugo ya Kilifi, tafadhali waulize ni maini mangapi ya kuku kutoka Malindi yaliyopokelewa Mariakani mwaka uliopita, na uchapishe jibu watakalokupa.

Mfugaji wa kuku,
Ganda, Malindi